Tumbo-chungwa wa Mstari wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi, geti la hifadhi. Watu kumi na mmoja wa mtaani, kila mtu na fomu yake. Unatembea mstari wako msituni, unasimama vituo kumi, dakika tano kila kimoja, unaandika kila ndege uliyemwona au kumsikia. Afisa wa hifadhi atateua kiongozi wetu Jumamosi. Nitakuwa mimi. Nimeishi mji huu miaka thelathini na minane na bado naitwa Mgeni, hata na watoto waliozaliwa juzi. Kiongozi haitwi Mgeni.

Mstari wangu, wa tatu: ndege tisa. Fundi cherehani, mstari wa nne: ishirini na sita. Akaniuliza kama nilihesabu nikiwa nimelala.

Jumanne, 4 Machi

Ndege saba. Mmoja huenda ni jani.

Afisa anasema tumbo-chungwa hajasikika hapa miaka sita. Nikacheka kimoyomoyo. Ndege huyo alitua dirishani kwetu kila asubuhi, kule tulikotoka tukikimbia. Sauti tatu zinapanda, moja inashuka. Nimemwigiza sebuleni kwa mluzi. Mke wangu akakimbilia jikoni kuzima jiko, akidhani birika limechemka.

Kanuni inakataza kuita ndege. Haikatazi kuwasalimia.

Jumatano, 5 Machi

Nimesalimia kituo cha tano, mara tatu. Hakuna aliyeitikia.

Kurudi getini, nakuta fundi anapongezwa. Amemsikia tumbo-chungwa, eti upande wa Mgeni. Ndege wangu, fomu yake! Afisa akanishika bega, akaniambia nisijali, masikio nayo huzeeka, mzee wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesalimia vituo vyote kumi. Nikaandika: tumbo-chungwa, kumi. Sikudanganya. Nimewasikia wote, tena kwa karibu sana.

Afisa alinikumbatia. Fundi aliomba kuiona fomu, akaisoma mbele na nyuma kama mtu anayetafuta mshono uliofumuka.

Ijumaa, 7 Machi

Kumi tena. Kumi na moja ingekuwa tamaa. Mke wangu ananinyooshea shati la harusi ya binti yetu. Ameniuliza ndege hao wanafananaje. Nikamwambia ni wenye haya.

Jumamosi, 8 Machi

Kumbe afisa alifunga kinasa sauti kwenye mti, kituo cha tano. Akatuchezea rekodi, wote kumi na mmoja. Sauti tatu zikapanda, moja ikashuka. Nzuri mno. Nikajivuna mpaka vifungo vikakaza.

Kisha ndege akakohoa. Akatema mate. Akasema: Mola wangu, magoti haya.

Fundi akapendekeza ndege huyo apelekwe hospitali.

Tumbo-chungwa wote wamefutwa, hata yule wa fundi. Kiongozi ni mkunga mstaafu wa mstari wa kwanza, ambaye akipata sifuri huandika sifuri. Mimi nimehamishiwa vipepeo. Afisa anasema hao hawapigiwi mluzi. Ila alikiri, mbele ya watu, kwamba kabla ya kikohozi hakuona kasoro yoyote.

Jumapili, 9 Machi

Mwenye duka amenikaribisha: Tumbo-chungwa, kifua kimepoa? Kinyozi vilevile. Watoto vilevile, kwa mluzi, na wameukosea mwishoni, nikasimama nikawarekebisha. Siku nzima hakuna aliyesema Mgeni. Nimeuzunguka mtaa mara mbili kuhakikisha.

Kesho naanza vipepeo. Nimeisoma kanuni kwa makini. Inakataza kuwalisha. Haikatazi mzee kubeba ndizi mbivu, iliyomenywa, katika mfuko wa shati.