Geji Isiyo na Habari Mbaya

Jumatatu, 6 Oktoba

Sikukuu ya wafanyakazi ya hapa Australia. Nimepumzika kwa kulala chini ya gari. Mgongo unauma. Jana saa zimesogezwa mbele kwa ajili ya majira ya joto, kwa hiyo hata usingizi wamenikata.

Jambo lenyewe ni hili. Nsimire anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na mimi ndiye baba aliyebaki. Ameomba nimpeleke kanisani mwenyewe, kwa gari langu, kisha nimshike mkono mpaka mbele ya mchungaji. Nilipomaliza kumwambia sawa mwanangu, nilikwenda bafuni nikalia.

Gari ni la spoti, jekundu, viti viwili, la zamani kidogo kuliko bibi harusi. Lazare wa kamati ya harusi amesema mbele ya watu kwamba gauni peke yake linataka viti vitatu. Lazare ni Mrundi, shemasi wetu, ana gari jeupe la familia analolifuta kwa kitambaa cha miwani. Akaomba, kwa ule upole wake unaochosha, bibi harusi aende naye. Nsimire akasema hapana, atakwenda na baba mdogo. Nilimtazama Lazare. Alitazama viatu vyake.

Tatizo moja tu. Taa ya oili inanikonyeza kila nikisimama kwenye mataa. Kitaa chekundu, cha kiwandani. Mtu wa umri wangu hawezi kukonyezwa na taa siku ya harusi. Gari la spoti linataka geji, vile vipimo vya sindano. Nimeamua tatu: ya oili, ya maji, ya betri. Nsimire atajiona anaendeshwa na rubani.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimetoka kazini hoi. Siku nzima kwenye foklifti, bohari letu la Villawood halina hata upepo. Jioni nimechagua geji kwenye simu. Uso mweupe au mweusi? Sindano nyekundu au ya chungwa? Nimechagua nyeusi, sindano nyekundu, pete ya fedha. Mwanamume lazima awe na msimamo.

Katungu, mke wangu, akauliza kama mojawapo ya geji hizo inaongeza oili. Nikamwambia geji haiongezi, inapima. Akasema basi baba Trésor, nunua oili. Anahudumia wazee kule Blacktown, amezoea kuongea na watu kama hawasikii vizuri.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimezifunga geji. Nimetoboa dashibodi mahali palipostahili na mahali pengine pawili pasipostahili. Ili nipate tundu la sensa mpya ya geji kwenye injini nikang'oa ile ya kitaa chekundu. Hakikonyezi tena. Hilo peke yake ni ushindi.

Nikawasha. Sindano ya oili ikapanda juu, nzuri, yenye afya. Nilimwita Katungu aje kuona. Akaja na mwiko mkononi. Tulipozunguka mtaa mara moja na injini kupata moto, sindano ikaanza kushuka. Kwenye mataa ya stesheni ya Doonside ikalala kabisa chini kama mtu aliyetoka shifti ya usiku.

Geji mbovu. Nimeirudisha kwenye boksi. Hawa wa mtandaoni ni wezi.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada Lazare akazunguka gari langu mikono nyuma. Akaniuliza, ndugu Wilondja, hiyo injini haigongi? Nikasema ni mlio wa spoti. Akasema yeye haelewi spoti, ila kwao Bujumbura injini ikigonga hivyo walikuwa wanaizima. Akajitolea tena kumchukua Nsimire. Nikamshukuru kwa meno.

Mchana nikafunga geji ya pili, ya duka la maana, niliyoinunua jana. Sindano yake ni ya chungwa. Ikapanda, ikashuka, ikalala pale pale. Sasa mtu ajiulize: geji mbili mbovu, tena za watu tofauti? Nimejiuliza. Nimeona kweli mkosi upo.

Katungu alikuwa anaanika nguo, ananiangalia. Akanikumbusha shangazi yangu kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyeambiwa na nabii mmoja kwamba safari ya kuja huku bado, akaenda kwa wa pili, naye akasema bado, akatafuta mpaka wa tatu aliyemwambia fungasha. Shangazi akagawa sufuria zake zote. Alikaa kambini miaka sita mingine akiomba sufuria kwa majirani. Nikamwuliza Katungu hadithi hiyo inahusu nini. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akachukua beseni lake akaingia ndani.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimepata ya tatu.

Villawood, nyuma ya bohari letu, kuna yadi ya magari mabovu. Nilipita nikitoka kazini, miguu inawaka moto. Mzee mwenye yadi alikuwa anakula pai. Akanionyesha ndoo imejaa geji, akasema chagua. Nilizikagua moja moja. Nyingine zilikuwa zimelala, nyingine zinatikisika tu hovyo. Moja ilikuwa imesimama wima katikati, pale palipoandikwa kwamba mambo ni sawa. Kioo kina ufa kidogo, lakini sura ya utu uzima. Nikamwambia mzee hii. Akanitazama muda kidogo, kisha akarudi kwenye pai yake.

Nimeifunga. Injini ya baridi, sindano katikati. Injini ya moto, katikati. Nikakanyaga, katikati. Hii ndiyo inaitwa tabia. Zile mbili zilikuwa na kiherehere.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimechoka mpaka mifupa. Nimeosha gari, nimefunga riboni nyeupe, nimelijaribu mpaka stesheni na kurudi. Kugonga kumeongezeka kidogo. Nimepandisha sauti ya kwaya kwenye redio na kumepungua.

Nsimire alipiga simu jioni. Aliuliza kama gari liko tayari, akasema akichelewa mtu yeyote sawa, ila mimi nisichelewe, maana hataki kuingia kanisani bila baba. Nikamwambia mwanangu, mambo yote yako katikati.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika nikiwa na suti, sina nguvu ya kuivua.

Tulitoka vizuri. Gauni lilijaa mpaka kwenye usukani, nilikuwa nabadilisha gia kwa kupapasa. Msafara nyuma unapiga honi, Lazare wa pili, gari lake limejaa mashangazi, Katungu akiwa kati yao. Nsimire alikuwa anacheka. Nikamwonyesha geji ya oili. Akasema baba mdogo, nzuri sana.

Kabla ya kufika Blacktown injini ikatoa mlio wa sufuria zinazoanguka jikoni. Moshi. Kisha kimya. Nikatazama geji. Katikati.

Nsimire akasema, baba mdogo, tushuke twende na wengine. Nikamwambia dakika mbili, oili iko sawa, ni jambo dogo. Nikawasha, ikakataa. Nikawasha tena. Akasubiri, mtoto wa watu, moshi unaingia kwenye shela. Katungu akaja, akafungua mlango, akakusanya gauni kama nguo za kufua akamtoa. Mashangazi wakabanana, ikabaki nafasi moja. Katungu akaniambia panda. Lazare naye, panda ndugu. Nsimire alininyooshea mkono.

Nikasema tangulieni, litawaka sasa hivi, nitawapita njiani.

Wakaenda. Nikabaki na geji.

Lori la kuvuta magari lililetwa na mama mmoja Mwaustralia, Cheryl, mikono imejaa chale za wino. Aliinamia dirishani, akauliza funguo ziko wapi. Nikamwonyesha mkononi. Akauliza sasa injini imezima, funguo umeshika, mbona geji yako inasema kuna oili inayosukumwa? Nikamwambia hiyo ni ile ya ubora. Akasema a-ha, kwa namna ambayo wazungu husema wakiwa wamemaliza mazungumzo. Lakini nilipomweleza habari ya Nsimire aliendesha kwa kasi kuliko nilivyotegemea.

Tulifika kanisani na gari langu juu ya lori, riboni zinapepea. Watu walikuwa tayari nje na maharusi. Walidhani ni sehemu ya sherehe. Vigelegele, simu juu, wanachukua video. Nikashuka. Hakuna aliyeniuliza kitu, na hilo liliniuma kuliko kuulizwa.

Ukumbini Nsimire alinifuata kwenye meza ya mwisho. Akasema alisimama mlangoni mwa kanisa. Kwaya ikaimba ule wimbo wa kumwingiza bibi harusi, ikaurudia wote. Aligeuka kutazama barabara mara nyingi mpaka shela ikapinda. Mwisho Lazare akampa mkono. Hakunisema vibaya. Alininyooshea tai yangu, akarudi kwa mumewe.

Niliona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Nikaenda nyuma ya jiko nikalia, na mpishi akanipa kitunguu nikate ili watu wasishangae.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikwenda kanisani. Fundi amepiga simu: injini imekwisha, haikuwa na oili ya kutosha kwa muda mrefu. Anasema geji yoyote kati ya zile mbili za kwanza ingenionya.

Nimefikiri sana. Kosa ni la Lazare. Alinifuata kwa karibu mno, akaniwekea shinikizo.

Jumatano, 22 Oktoba

Kichwa kinaniuma tangu harusi. Jana Katungu alinifunga mashine yake ya presha mkononi. Ikasoma juu sana. Akaiweka kwenye mkono mwingine. Juu vile vile. Akatoa chumvi mezani, akasema kesho nikiwa mapumzikoni nipite duka la dawa wanipime, nimtumie picha ya namba, na zikiwa mbaya tunakwenda kwa daktari jioni hiyo hiyo. Aliyasema bila utani hata mmoja. Sijawahi kumsikia hivyo.

Leo nimepita duka la dawa. Mashine yao pia mbovu.

Nikakumbuka Lazare. Asiyekula nyama, asiyekunywa hata soda, anayelala saa tatu. Nikachukua mashine ya Katungu nikaenda kwake. Nikamwambia ndugu, kwa yote uliyotutendea, nimekuja kukupima presha yako, bure, kama shukrani. Macho yake yakalowa. Akakunja shati. Akanishika bega akaniombea dua ndefu, ya afya yangu hasa, na mashine ikiwa inahesabu.

Namba nzuri, sijapata kuona. Nikapiga picha kwa karibu, namba tu, nikamtumia mke wangu.

Amejibu sasa hivi. Asante Yesu, baba Trésor, nilikuwa naogopa sana. Anapitia buchani, tunakula mbuzi wa kukaanga, na chumvi ameirudisha.

Kichwa bado kinagonga. Nimepandisha redio kidogo.