Nilivyokwenda Kumwamsha Muuza Dawa

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na suti nilikuwa nimeivaa.

Hapa Kashojwa, kambini kwetu, walisema sitaweza. Mtoto wa mkimbizi asome chuo mjini Mbarara? Atarudi kuchoma mahindi barabarani! Basi nimerudi na diploma ya biashara. (Iko ukutani. Karibuni muione.)

Asubuhi mama hakuweza hata kuketi kitandani. Kichwa kinamzunguka, vidonge vya presha vimekwisha. Nikavaa suti. (Watu wajue ni nani anayetafuta dawa.) Duka la Dakitari Melki, muuza dawa wetu, nikalikuta limefungwa. Mama wa ndizi pale jirani akafungua mdomo aniambie jambo. Nikamkata: "Kwake napajua, mama." Mimi ni wa kuelekezwa?

Kufika, foleni imetoka mlangoni hadi barabarani. Kimya. Wagonjwa gani hawa, hakuna hata anayekohoa? Mmoja analia, nikadhani jino.

"Nipisheni, nimetoka Mbarara!"

Wakanipisha! Mzee mwenye rozari mkononi akapaza sauti: "Mumuachie fasi! Ni yeye tulikuwa tunangojea!" Mama mmoja akaniangukia shingoni, akanilowesha kola. "Pole, kaka. Umechelewa, lakini umefika."

Kumbe habari za diploma zimewafikia. (Nilitabasamu. Mungu anisamehe, hata mkono niliwapungia.)

Mlangoni nikaita kwa nguvu: "Dakitari! Saa hizi bado umelala? Amka, una mteja!"

Waliokuwa mlangoni wakageuka kunitazama.

Macho yakazoea giza la ndani. Dakitari Melki alikuwa amelala kweli. Katikati ya chumba, mishumaa ubavuni, mikono kifuani, pamba puani.

Yule mzee akanisogelea. "We si mudogo wake wa Mbarara? Tunamungojea tuzike."

"Hapana, mzee. Mimi... nilifuata vidonge."

"Na suti yote ile!" mtu akasema nyuma yangu.

Mke wa marehemu, aliyeketi mkekani, akainua uso. Nikangoja matusi. Akauliza tu: "Mama yako ni nani?"

"Mama Dezire, wa kule bondeni."

Akainuka kwa shida, akaingia chumba cha pili, akarudi na bahasha ndogo yenye jina la mama. "Alimuwekea jana jioni. Alisema leo atamupelekea yeye mwenyewe." Akaketi tena, akaanza kulia upya. Nami nikalia, diploma na yote, mbele ya watu waliokuja kumlilia mtu wao.

Mama amemeza dawa. Jioni hii ameweza kuketi, anakunywa uji. Sasa hivi ameniuliza: "Melki ulimsalimia?"

Na presha ile, ningesema nini? Nimemwambia nilimkuta amelala.

Anayetaka kucheka, kwanza aje yeye amwambie mama.