Ndafu ya Clara na Pikapu Yangu

Jumatatu, 17 Januari 2011

Bwana asifiwe! Kamati ya sendofu ya Clara, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, imenikabidhi ndafu. Mimi! Si kumchoma, huko nilishakataliwa. Kumsafirisha. Jumamosi nitamchukua Brampton kwa Januari, fundi wa kuchoma, nimlete hapa Crescent Town, mtaani kwetu huku ughaibuni, ukumbini, mbuzi mzima wa kuchoma, amesimama kwa miguu yake minne, majani mdomoni, uso umewaelekea wakwe. Clara ni binti wa marehemu kaka yangu. Baba hayupo, baba mdogo nipo. Ndafu asipofika, ukoo wetu umemtoa binti mikono mitupu.

Mwenyekiti Ildefonce hakufurahi. Huyu ni mtu wa Bukoba, ana kigari cha Toyota chenye matairi ya theluji, na udereva wa baridi aliusomea darasani. Darasani! Akasema mbele ya watu kwamba pikapu isiyo na mzigo ni nyepesi nyuma, ikifika kwenye barafu inakata kiuno kama imealikwa ngomani. Akataka ndafu apande Toyota. Kiti cha nyuma. Mkanda afungwe.

Nikasimama. Nikasema mimi ni mtu wa Machame, nimezaliwa naitazama theluji ya Kilimanjaro kila asubuhi, mimi na theluji ni wa nyumba moja. Watu wakapiga makofi. Ildefonce akangoja makofi yaishe, akasema: "Mangi, hata mwezi uliutazama toka utotoni. Mbona hujawa rubani wake?"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Nimemsamehe. Nimemsamehe mara mbili, maana ile ya kwanza haikukaa.

Jumanne, 18 Januari

Nimefanya jaribio. Kuondoka nimeondoka vizuri sana. Shida ni kusimama. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote na gari likapuuza. Nikapita mbele ya kituo cha basi kiupandeupande, kama kaa, watu wote wananitazama. Nikawapungia mkono ili waone ni makusudi. Nikaishia ndani ya lundo la theluji.

Nani akatokea? Moez. Anakaa ghorofa ya juu yetu, Mwismaili, mzaliwa wa Mwanza, ana duka la matairi. Mtu mwema, lakini ana duka la matairi. Akainama, akabonyeza tairi langu kwa kidole, akasikitika kama daktari. "Mangi bwana, hizi za kiangazi. Baridi hii zinakuwa ngumu kama kandambili iliyolala friji. Njoo dukani nikufungie za theluji. Halafu mchanga magunia weka huku nyuma, juu ya ekseli. Halafu breki usikanyage kama unaua nge. Kanyaga kama kuna yai chini."

Ushauri mwingi namna hiyo, na hatujasalimiana vizuri! Nimemwambia nitalipeleka kwenye maombi.

Jumatano, 19 Januari

Nimelipeleka. Jibu limekuja asubuhi, nikiwa nakoroga uji.

Kinachotakiwa si uzito? Basi mji mzima umejaa uzito! Ninunue mchanga wa nini, na Mungu anashusha theluji bure hadi mlangoni? Nimeazima koleo la Ildefonce (sikumwambia la kazi gani) na nimeijaza pikapu nyuma kote, theluji mpaka ukingoni, nimeishindilia kwa miguu.

Adelina mke wangu alichungulia kutoka juu, kanga kichwani, koti begani. Akaniita kwa jina la mwanetu aliyeko Ottawa: "Baba Evans! Wenzio wanatoa theluji kwenye magari, wewe unaingiza?" Nikamjibu kwamba mwanamke wa imani hamuulizi Nuhu mbao ni za nini. Akasema Nuhu aliambiwa na Mungu, mimi nimeambiwa na uji.

Nimezunguka mtaa. Gari limetulia kama mzee wa kanisa! Nani anacheka sasa?

Alhamisi, 20 Januari

Jana jioni jua lilichungulia kidogo, kisha baridi ikarudi na hasira. Theluji yangu ililainika juu, ikaganda tena. Sasa ni jiwe moja. Mlango wa nyuma haufunguki kabisa. Nimelipokea kama baraka: uzito huu hauibiki.

Ildefonce akaja kufuata koleo lake. Akaona. Akaizunguka pikapu yote, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Mwishoni akauliza ndafu atakaa wapi.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikajibu hapo hapo: juu. Kama mfalme.

Akashika kichwa. Akasema Jumamosi atakaa ukumbini, simu mkononi na kile kisanduku chake cha dharura miguuni, chenye blanketi, kamba, mshumaa na chumvi ya barabarani. Mshumaa! Nimemwambia asijisumbue. Namwombea Mungu amwondolee roho ya woga. Koleo kaondoka nalo.

Ijumaa, 21 Januari

Theluji mpya tangu alfajiri. Imekaa juu ya paa la gari, nene kama godoro. Nimeiacha. Nayo ni uzito, au siyo?

Clara amepiga simu. Alizaliwa huku, Kiswahili chake huanza vizuri halafu kinatafuta pa kukaa. Aliniambia mama mkwe wake, Mama Libérata, keshafika na dada zake kutoka Montreal. Ni Wakongo, hawajawahi kuona ndafu, wanauliza ndafu tu. Halafu akasema: "Baba mdogo, daddy angemleta mwenyewe. Utafika, eti?"

Nilimwahidi. Nilisema nitafika hata kama ni kwa magoti. Baada ya kukata simu nilikaa sana kitandani. Kaka yangu alikuwa dereva wa lori, hakuwahi kuangusha hata ndizi. Adelina akaniletea chai, akanishika bega, akasema bado mchana upo, kwa Moez siyo mbali. Nikamwambia asinivunje imani.

Jumamosi, 22 Januari

Naandika na mikono bado imekufa ganzi. Nianzie Brampton.

Januari alimtoa ndafu akifuka moshi, mwekundu, mzuri, chozi likanitoka. Akaiona pikapu. "Kaka, umekuja na friji?" Tukampandisha juu ya barafu. Tssss! Miguu yote minne ikazama mpaka magotini. Januari akapiga kelele kwamba nitamharibia mbuzi wake. Mimi nikaona kitu kingine: sasa hatayumba. Tukaingia kunywa chai, tukatoka, maji yameganda upya. Ndafu kasimama kama mti uliopandwa! Nikamfunika blanketi la Adelina, na kichwani nikamvika kofia yangu ya sufu, masikio yasije yakakatika kwa baridi.

Barabara kuu. Naenda salama, naimba. Magari yananipita, watoto wanabandika pua vioo vya madirisha, nawapungia. Mara taa za polisi nyuma yangu.

Askari kijana, mpole sana. Akasema wamepokea simu kwamba kuna mtu anasafirisha mbuzi amesimama kwenye baridi, na mbuzi anatetemeka. Nikamweleza anayetetemeka ni injini. Akauliza kama mnyama ni mzima. Nikamwambia ni mzima kabisa, hajakatwa hata kipande. Akainua blanketi. Wakatazamana, yeye na ndafu, majani mdomoni. Mwisho kijana akalirudisha blanketi taratibu, akalichomeka vizuri shingoni, akaniambia nifagie theluji juu ya paa kabla sijasogea, na niendeshe polepole.

Nilimshukuru kwa moyo wote. Alipoondoka, nikafagia kidogo kwa kiwiko, upande mmoja. Wakwe wanangoja.

Nikafika Crescent Town. Nikauona ukumbi! Na nje ya ukumbi, Ildefonce, simu mkononi. Hapo, nakiri, nilitaka aone watu wa Machame wanavyosimamisha gari. Nikaongeza mwendo, halafu nikaua nge.

Godoro lote la juu ya paa likashuka kwenye kioo cha mbele. Giza! Nikafumba macho, maana hapakuwa na cha kuona, nikaanza pambio. Gari likazunguka, likazunguka, lilipomaliza lilikuwa limeelekea Brampton, na makalio yake yamezama kwenye mtaro wa theluji. Matairi yanazunguka bure. Nikaruka nje. Ndafu hakutikisika hata sikio! Uzito, nilisema.

Ildefonce alikuja mbio na koleo na kisanduku. Alichimba, akamwaga chumvi chini ya matairi, gari likagoma. Akapanda juu amhamishie ndafu kwenye Toyota. Akavuta. Ndafu hatoki. Akavuta shingo, nikapiga yowe kwamba atabaki na kichwa, tuwapelekee wakwe kichwa? Akamwagia ile chumvi miguuni. Nikamwambia hapana, Januari alishatia chumvi. Akakaa chini kwenye theluji, suti yote, akaanza kucheka peke yake. Ukumbini muziki ulikuwa umezimwa. Wakwe wamekaa wanatazama mlango. Hapo niliogopa. Nilimwona kaka yangu wazi wazi, amesimama.

Moez ndiye aliyetuokoa. Alikuja na gari lake la kuvuta, yeye mwenyewe na tai shingoni, tayari kwa sherehe. Lakini kamba ilifika nyuma ya pikapu tu. Kwa hiyo tuliingia uwanja wa ukumbi kinyumenyume, taa za rangi ya machungwa zinawaka na kuzima, na ndafu wangu mwenye kofia akitanguliza makalio. Mbele ya wakwe! Mbuzi wa heshima huja uso mbele, hata mtoto anajua. Nikaficha uso kwenye usukani.

Nikasikia vigelegele.

Mama Libérata alikuwa amesimama mlangoni na dada zake, vitenge juu, mabuti chini. Alidhani ndiyo mila yetu, kuvutwa polepole namna ile na taa zake. Akamuuliza Clara kwa nini mbuzi amegeuka. Clara akanitazama. Akasema: "Ndiyo mama, kwetu anakuja anatazama alikotoka. Kama bibi harusi."

Mama Libérata akalia. Dada zake wakalia. Ndafu hakung'oka, basi sherehe ikamfuata nje. Clara alipanda kreti la soda, koti kubwa juu ya gauni, akakata nyama pale pale kwenye pikapu, akamlisha mchumba wake Gaspard. Nyama baridi, moyo moto. Halafu akamvua mbuzi kofia, akanivika mimi. "Baba mdogo, umefika."

Nimefika. Kinyumenyume, lakini nimefika.

Jumapili, 23 Januari

Ibadani mchungaji amewashukuru Ildefonce, Moez na Januari. Mimi nilikuwa kwenye "na wengineo". Nimesamehe.

Baada ya ibada wakaniita nje. Kamati imenipa zawadi: matairi ya theluji, manne, mapya, yananukia duka! Ildefonce akasema ni kwa ajili ya harusi yenyewe, maana huko Clara ameomba baba mdogo ndiye abebe keki. Akanishika mikono. Akasema, "Mangi, nakusihi." Nikamkumbatia mbele ya wote, nikakiri kwamba yeye ndiye aliyesema kweli tangu mwanzo. Moez akataka nipitie dukani kesho anifungie bure. Nikamwambia wamefanya vya kutosha, kufunga nitafunga mwenyewe.

Nimeshafunga. Mchana nimevunja barafu yote (kwato mbili zilibaki humo, nimempa Adelina za supu), nikayapanga matairi nyuma ya pikapu, mawili mawili, juu ya ekseli kabisa, nikayafunga kwa kamba. Nimezunguka mtaa. Yana uzito mzuri ajabu, na hayayeyuki! Kumbe Ildefonce alikuwa sahihi, pikapu bila matairi ya theluji ni hatari. Mungu ambariki. Keki nitaiweka katikati ya tundu la tairi.