Vita vya Nyuzi Nne Chini ya Spika Kuu

Sogeeni, enyi wenye masikio na nafasi, mbanane hata kama kiti ni kimoja, nami nitawasimulia vita vilivyopiganwa mchana kweupe, baina ya saa saba na saa nane, katika chumba kilichobandikwa magodoro ukutani ambacho wanamuziki wa mjini hukiita studio. Nawe, ewe vumbi uliyelala chini ya spika tangu siku ilipowekwa, nikumbushe nisije nikaruka jambo, maana shahidi ni wewe.

Shujaa wetu ni Nyuzi Nne, mpiga besi, mtikisa madirisha, ambaye kwa miaka kumi aliwachezesha watu pasi na yeyote kumtazama. Yeye na wenzake walikuwa wameapa kuzifufua nyimbo za shamba, na kwa ajili hiyo alimleta mjini shangazi yake, mtu wa mwisho aujuaye wimbo wa kupura nafaka. Shangazi akaja na marimba yake ya mkono: kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, na kwenye waya ubavuni mwake, vizibo vitatu vya soda.

Shangazi alipokwenda msalani, shujaa akatenda kosa. Fundi mitambo, mlinzi wa vitufe mia, alikuwa amelalamika kwamba kuna kitu kinakwaruza kwenye hedifoni. Nyuzi Nne akamtafuta adui huyo, akamkuta ni vile vizibo, akachukua koleo na kuving'oa kwa moyo safi kabisa. Viwili vikabaki mezani. Cha tatu kikaruka, kikabingirika, kikazama chini ya spika kuu, dude la kimo cha kabati ambalo wanaume sita walitokwa jasho kuliingiza.

Shangazi akarudi, akakaa, akabonyeza mara tatu, akakigeuza kisanduku kuutazama ubavu wake.

"Nani kamziba mdomo huyu?"

"Tumemsafisha tu, Shangazi. Zile kelele zilikuwa..."

"Kelele." Akavihesabu vizibo mezani. "Tulikuwa wanawake saba. Mmoja anaanzisha, sita wanaitikia. Sasa nimebaki peke yangu, wanaoniitikia ndio hao. Cha tatu, alichokifunga bibi yako, kiko wapi?"

Nyuzi Nne akaonyesha chini ya spika kwa kidole, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Haya mwanangu. Gari langu linaondoka saa tisa, na magoti haya hayaji huku tena. Kikipatikana, naimba. Kisipopatikana, naondoka na wimbo wangu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata maini Nyuzi Nne. Alimpenda shangazi huyu kuliko alivyowahi kumwambia. Akasimama, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akaihutubia hadhara, yaani fundi mitambo.

"Ndugu yangu, niliyekula nawe vumbi la majukwaa, mimi naingia. Mkono huu ndio uliokosa, na mkono huu ndio utakaolipa. Nikikwama humo, usiniombolezee, nivute miguu."

"Nenda kaka," akajibu fundi mitambo. "Nakumulikia na simu."

Akalala kifudifudi, akautuma mguu wa stendi ya maikrofoni. Ukakigusa kizibo na kukisukuma mbali zaidi, hadi ukutani. Akautuma waya, ukalegea njiani kama tambi. Vumbi likamvamia puani, akapiga chafya saba mfululizo, na spika kuu haikutikisika hata kidogo. Ukutani saa ikasema saa nane kasorobo.

Ndipo akili ikamjia. Kwenye spika mbovu iliyokuwa konani aling'oa sumaku. Lakini nani angeibeba sumaku hadi ukutani? Kilitakiwa kitu chembamba, kirefu, kisichopinda ovyo. Macho yake yakaenda kwenye gita lake la besi, yakarudi, yakaenda tena.

"Hatuna uzi mwingine, na huo ukifungwa fundo haufai tena," fundi mitambo akamwonya. "Na Jumamosi tuna shoo."

"Najua."

Akaulegeza uzi mnene kuliko yote, ule wa kutikisia madirisha, akaufunga sumaku nchani, akauingiza gizani. Mara ya kwanza ukarudi na skrubu mbili. Mara ya pili ukarudi na pini ya nywele ambayo hakuna aliyeidai. Mara ya tatu wote wakasikia: tik.

Shangazi alikipuliza vumbi kizibo kile, akavitunga vyote vitatu kwa mkono wake, akabonyeza. Vikavuma. Akaimba, na palipofika pa kuitikia, vizibo vikaitikia. Na Nyuzi Nne, akiwa bado sakafuni, akajikuta naye anaitikia, kwa maneno ambayo hakujua kama anayo. Fundi mitambo aliiacha mitambo irekodi yote, hakugusa kitufe hata kimoja.

"Umechelewa kidogo kuingia," Shangazi akasema wimbo ulipokwisha. "Lakini umeingia."

Na iandikwe basi, pale zinapoandikwa habari za falme na majeshi, kwamba siku ya Jumanne, saa nane kasoro dakika tatu, kizibo kimoja cha soda kilikombolewa na kurejeshwa kwenye waya wake. Nyuzi Nne alitoka vitani na nyuzi tatu na shati la rangi ya jivu, akambebea shangazi yake kisanduku hadi kituoni, na kila alipopiga hatua, vizibo vilimwitikia.