Malalamiko Kuhusu Macho ya Stergios na Breki za Pikapu Yangu

Ano Mesorahi,
17 Julai

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Magari Makuukuu.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema na breki nzima. Mimi, Argiris Tsumanis, mwanachama namba 41, ninamlalamikia rasmi mwanachama namba 42, Stergios Gulas. Stergios ni kumbaro wangu, au kumbare tunapoitana: ndiye aliyenivisha taji kanisani siku ya ndoa yangu, nami nikambatizia binti yake. Kwa hiyo siandiki kwa chuki. Naandika kwa sababu ana macho ya buluu.

Kisa ni hiki. Tarehe 20 ni sikukuu ya Nabii Elia, na kanisa lake, kama makanisa yote ya jina hilo, liko kileleni. Mama yangu, Garufalia, mwenye umri wa miaka 86, anataka kupelekwa huko kwa pikapu ya marehemu baba, ya mwaka 1974, wala si kwa chombo kingine. Mwaka jana alipanda kwa teksi, akanuna siku nne. "Nilipanda kama mtalii," alisema. "Mwaka huu nikae kwenye kiti changu. Mwakani sijui nitakuwa nimelazwa wapi."

Kupanda si tatizo, maana hakuhitaji breki. Kushuka ni kilomita saba na kona kumi na tisa. Kwenye kona kumi na moja kati ya hizo kuna vijumba vya kumbukumbu vyenye taa ya mafuta, kimoja kwa kila mtu aliyedhani atasimama.

Ndiyo maana niling'oa breki za mbele za ngoma, nikafunga za diski, pamoja na kalipa za kuzibana, nilizotoa kwenye gari jipya zaidi lililogongwa nyuma. Kazi hiyo niliifanya peke yangu kwa siku mbili, bila msaada wala ushauri, na naomba jambo hilo likumbukwe. Ilibaki kutoa tu upepo ulioingia kwenye mabomba ya mafuta ya breki. Hapo ndipo malalamiko yanapoanza.

1. Jumapili Stergios alikuja na kikombe cha kahawa, akazitazama diski, akasema, "Aisee kumbare, zinang'aa. Umefanya kazi." Hakutema mate. Kila mtu hapa anajua kwamba ukimsifu mtoto, mbuzi au mashine, unatema ptu mara tatu ili jicho lako lisidhuru, na la buluu ndilo hudhuru zaidi. Nilimsubiri. Alimeza kahawa.

2. Dakika kumi baadaye tulianza, yeye kwenye pedali, mimi chini ya gari na spana. "Kanyaga." "Nimekanyaga." Ninafungua skrubu ya kalipa, mafuta yanatoka safi, bila povu, ninafunga. "Achia." "Nimeachia." Tumefanya hivyo mara mia moja na arobaini, tumemaliza chupa nne za mafuta ya breki, na pedali bado inazama hadi sakafuni kama mguu kwenye tope. Ukiipampu mara tatu mfululizo, inashika kidogo. Kona zetu hazimpi mtu nafasi ya mara tatu. Stergios ameomba si chini ya mara tatu tubadilishane, yeye aingie chini. Nimemkatalia. Mtu mwenye macho yale unamruhusu vipi ayatazame mabomba kwa karibu?

3. Jumatatu mama alifanya uchunguzi. Alidondosha mafuta ya zeituni kwenye bakuli la maji huku akisoma maneno yake kimyakimya. Tone likibaki mviringo, hakuna husuda. Likitawanyika, ipo. Lilitawanyika. Mama akapiga miayo mara sita, dalili nyingine ya husuda, nami nikaiandika. "Jicho," alisema. "Tena kubwa." Stergios, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Mama Garufalia, hilo bakuli lina sabuni." Ndugu Mwenyekiti, mtu asiye na hatia angejuaje?

4. Jumanne nilimwita Papa-Fotis, kasisi wetu. Alikuja na kishada cha mrihani na maji ya baraka, akainyunyizia pikapu kwa moyo wake wote, kopo la mafuta ya breki likiwa wazi. Maji na mafuta ya breki hayapikiki chungu kimoja. Ilinibidi nimwage yote nianze upya na chupa ya tano. "Mimi nimebariki, mwanangu," alisema Papa-Fotis akikung'uta mrihani. "Kukaza ni juu yako." Hasara hiyo nayo ni ya Stergios, kwani bila macho yake kasisi asingeitwa.

5. Jana na leo Stergios amefika saa moja asubuhi, amekaa kwenye pedali hadi adhuhuri, akisema "nimekanyaga" na "nimeachia" kwa upole. Hajalalamika hata mara moja. Upole huo unatia shaka.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Chama kitangaze kwamba macho ya mwanachama namba 42 ni hatari kwa breki, na avae miwani myeusi kila anapokaribia gari la mwenzake. Katiba iongezewe kifungu kisemacho kwamba asifuye gari ateme mate, na mate hayo yaonekane. Na kwa kuwa ukumbaro haufutiki, tena unadumu kuliko ndoa yenyewe, Chama kimwandikie Askofu aturuhusu kuusimamisha kwa muda, tangu skrubu inapofunguliwa hadi inapofungwa.

Iwapo hayo hayatawezekana kabla ya tarehe 20, basi wenye barabara waombwe kuitengeneza njia ya kileleni iwe ya kupanda wakati wa kwenda na ya kupanda wakati wa kurudi. Wakikataa, Nabii mwenyewe ashushwe, yeye na kengele yake, awekwe kwenye uwanja wa mpira, palipo tambarare.

Sidhani kama ni mengi. Mama amekwisha piga pasi gauni lake jeusi.

Nisalimie Katibu na mkewe, mzee wa pikipiki yenye kigari cha pembeni, na wote walioniuliza hali ya pikapu kwa nia njema. Ukimwona Stergios kabla yangu, msalimie pia.

Wako katika gia ya kwanza,
Argiris Tsumanis

N.B. 19 Julai. Sikuwahi kuipeleka posta. Leo alasiri nilikwenda kunywa maji, na niliporudi nilikuta miguu ya Stergios imechomoza chini ya pikapu. Kabla sijafungua kinywa akauliza, "Kumbare, upepo ukiwa ndani ya mafuta hupanda au hushuka?"

"Hupanda. Hata mtoto anajua."

"Basi mbona skrubu za kuutolea zinatazama chini?"

Nilipiga magoti, nikaangalia. Kalipa ya kushoto nilikuwa nimeifunga kulia, na ya kulia kushoto. Zinaingia vizuri tu pande zote, lakini skrubu inakaa chini, upepo unakaa juu, na mtu anaweza kukanyaga hadi Krismasi. Tulizibadilisha kwa saa moja na robo. Baada ya kukanyaga mara kumi na mbili, pedali ikawa juu, ngumu kama kichwa changu. Ulinganisho huo ni wa mama.

Nilimuuliza Stergios alijua tangu lini. "Jumapili nilihisi," alisema. "Lakini ulisema huhitaji ushauri, na chini hukutaka niingie. Nikangoja upate kiu. Umechukua siku sita." Kisha akazitazama diski, akatema ptu mara tatu. Mate ya mara ya tatu yaliangukia kiatu changu.

Kesho, kwa amri ya mama, Stergios ndiye atakayeendesha. Mimi nitakaa nyuma na mikate ya sadaka.

Barua naituma hata hivyo, kwa kuwa stempu imekwisha bandikwa. Naomba tu kila palipoandikwa Stergios usome Argiris, isipokuwa penye macho ya buluu. Hayo ni yake, na kesho ndiyo yatakayotazama barabara.