Uchunguzi wa Mistari Miwili ya Kefa

Natangaza, kwa heshima zote, kwamba hapa Mbozi mapenzi yalichunguzwa kitaalamu tangu enzi za Mwingereza. Mchunguzi nilikuwa mimi, karani wa Baraza la Wenyeji, mhitimu wa shule ya usiku. Cheti ninacho bado, ndani ya fremu.

Mzee Boazi alileta shairi ambalo bintiye, Aida, alipelekewa na kijana Kefa. Likiwa la utani, Aida angeozwa kwa mwingine, kijiji cha Isongole. Likiwa la moyoni, mshenga wa Kefa angepokelewa. Mwene, mkuu wetu, akaniagiza nichambue umbo na hisia.

*Aida wangu Aida, ukipita nasimama,*
*Jembe lanitoka mkono, majirani wanasema.*

Nikasimama. "Mizani ni nane, nane, tisa, nane. Mizani moja imepita kwa magendo. Vina vya mwisho vimepatana, vya kati vimetengana kama ndugu waliogombea shamba. Hisia haijathibitishwa."

"Bwana Karani," akauliza Aida, "umewahi kumpenda mtu?"

"Swali hilo halimo katika shauri."

"Basi hujawahi."

Baraza likaangua kicheko. Nikaandika: *Kelele.*

Nikapendekeza shairi lijaribiwe kwa mwanamke asiye na habari. Mwene, mtu wa vitendo, akazunguka nyuma ya baraza, ambako mkewe Ketrina alikuwa akipepeta maharage. Akaondoa jina la Aida, akaweka la mkewe, akasoma kwa sauti ya kutangaza kodi. Tulisikia yote.

Ungo ukaanguka.

"Baba Amoni, rudia."

Akarudia.

"Nani kakuandikia? Maana mimi miaka yote jina langu ni 'We!'"

"Hili ni jaribio la serikali, mke wangu."

"Haya, lala na serikali. Mimi naenda Mbebe kwa kaka zangu. Ukitunga la kwako, nifuate."

Mwene alirudi barazani amelowa jasho. "Hisia ipo," akatamka. "Boazi, pokea mshenga." Kisha akaninong'oneza, "Karani, nitungie."

Nilikaa mchana kutwa. Vina nilikuwa navyo, mizani ninayo, wino tele. Sikuwa na la kusema.

Ndipo Mwene akavua kofia, tukamfuata Kefa kwenye mibuni yake.

"Mwalimu," Mwene akasema, "nisaidie."

Kefa akafikiri. "Mama Amoni akifurahi, huwaje?"

Mwene akatazama mibuni, akatazama mawingu, mwishowe akanigeukia mimi.

"Karani, ofisi ina kumbukumbu yoyote?"

Nilipekua majalada yote.