Daktari Ndirangu na Dawa ya Ufizi

Mwaka wa 2004 ufizi wa Ndirangu ulivimba, na bwana huyu, badala ya kutafuta dawa, akatafuta wagonjwa. Sokoni Kitale aliwahi kuona mama mmoja akichemsha majani yakatoa uteute unaovutika kama kamasi. Kwao hakuna aliyekula kitu cha namna ile, kwa hivyo akaamua lazima ni dawa. Aliuchanganya uteute huo na dawa ya meno, akaujaza vikoponi, akaazima koti jeupe la kinyozi na kushika njia ya Sirisia, Bungoma, ambako alisikia kuku ni wengi na watu ni wakarimu.

Jeli ya mitishamba, akatangaza, kiboko ya fizi zilizovimba. Yeye mwenyewe huipaka kila asubuhi. Kopo moja kwa kuku mmoja. Kufikia adhuhuri tenga lake lilikuwa limejaa, naye keshawaona akilini wenye hoteli wa Kitale wakimgombania.

Kumbe ule uteute ulikuwa mrenda, mboga ambayo watoto wa Sirisia huachishwa nayo ziwa. Mama Nakhungu alifungua kopo lake, akanusa, akafunga. Kisha akamkaribisha daktari chakula.

Alichinjiwa jogoo, akapewa firigisi, heshima ya mgeni mwanamume. Kuikataa ni kumtusi mwenye nyumba. Tena daktari wa fizi atashindwaje kutafuna? Akauma. Machozi yakamtoka mbele ya kadamnasi.

"Pole, daktali," Nakhungu akasema. "Iko dawa ya nyanya yangu. Ikikusaidia, utatuachia hao kuku. Isipokusaidia, enda nao tu."

Ndirangu alifurahi moyoni. Hata akipona, si atasema bado anaumwa? Akakubali, watu wote wakisikia. Nakhungu akampaka kitu kutoka kwenye jani la mgomba, na ulimi wa Ndirangu ukakutana na dawa yake ya meno. Alipoinua macho, wenye kuku walikuwa wamejaa mlangoni, kila mmoja na kopo lake.

"Ni ile yako," Nakhungu akasema polepole. "Nyanya alikuwa anatupikia na ugali. Sasa ambia hawa watu, inasaidia ama haisaidii?"

Ndirangu aliwatazama kuku, akawatazama wenye kuku. Baadhi walikuja na fimbo.

"Inasaidia," akasema kinyonge. "Tena sana."

Tenga likafunguliwa, kila kuku akakimbilia kwao. Na kwa kuwa mgeni haondoki na njaa, na huyu hakuweza tena kutafuna, Nakhungu akampakulia mrenda. Daktari alikula, akaongezewa, na kilichomuuma kuliko ufizi ni kwamba mrenda ulikuwa mtamu.